Peremende, Gundi na Kalamu Nyekundu

Yupo mwanafunzi niliyemkosea, nami sina budi kukiri mbele ya walimu wenzangu. Katika zoezi la tafsiri palikuwa na sentensi iliyoeleza kwamba chombo cha angani kilichowabeba wanaanga watatu wa Apollo 9, Machi 1969, kilipewa jina Gumdrop kwa sababu ya umbo lake. Jina hilo ni la peremende laini ya Kimarekani, bapa chini na mviringo juu, iliyonyunyiziwa sukari. Msichana mmoja aliandika “tone la gundi”. Nilikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika “peremende”. Gundi, nilijiambia, ni ya kubandikia bahasha!

Baada ya kipindi alinijia, akasema kwa adabu: “Mwalimu, kwetu Isiolo gundi ya mgunga huliwa. Wachungaji huibandua kwenye gome na kuitafuna.”

Naam, alisema kweli. Gundi ya jamii hiyo ya miti ndiyo iliyotumika zamani kutengenezea peremende laini, kabla wanga na jelatini havijashika nafasi yake. Kwa asili, basi, jina lile ni tone la gundi hasa. Na “peremende” yangu je? Ilitokana na jina la Kiingereza la aina moja ya mnanaa, maana ikapanuka hata ikajumlisha kila kitamutamu cha kumumunywa. Haina umbo maalumu. Aliyeisoma tafsiri yangu angeonja utamu, umbo asilione.

Kiswahili nacho huazima sifa kutoka kwa vitu: zambarau ni tunda kabla ya kuwa rangi, kahawia ilizaliwa na kahawa, kijivu na jivu. Lakini kila kitu huazimwa kwa sifa yake moja. Asemaye shati la zambarau hasemi kwamba shati ni tamu. Mfasiri hana budi kujiuliza kwanza: neno hili limetumwa kazi gani hapa? Pale lilitumwa kuleta umbo. Jina lingebaki lilivyo, na maelezo yakataja kuba ndogo. Sote wawili tulilikosa hilo. Ila yeye alikosea akiwa amefikiri, mimi nilikosea kwa mazoea.

Nilimrudishia alama yake. Walimu wenzangu, kabla ya kuinua kalamu nyekundu, hebu tumuulize mwanafunzi neno lake amelitoa wapi. Huenda likatufunza.