Make: Chombo cha Kuunda Programu za Lugha ya C

Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C haiwezi kutumiwa na kompyuta vivi hivi. Maandishi yake hayana budi kwanza kufasiriwa kuwa lugha ya mashine, na kazi hiyo hufanywa na programu maalumu iitwayo kompaila. Programu kubwa hugawanywa katika mafaili mengi. Kila faili hufasiriwa peke yake, kisha vipande vyote huunganishwa kuwa kitu kimoja. Mgawanyo huu huokoa wakati, kwani arekebishaye faili moja halazimiki kufasiri upya mafaili yote. Lakini ndani yake imo hatari ambayo yafaa kila mwanafunzi wa kompyuta aifahamu.

Chukua mfano wa programu ya kukokotoa matokeo ya mtihani. Faili soma.c husoma alama za wanafunzi, wastani.c hukokotoa wastani, na chapa.c huchapa orodha. Yote matatu hutegemea faili la nne, mtihani.h, ambalo hutaja idadi ya masomo, yaani 7. Sasa masomo yameongezwa kuwa 9. Mwandishi abadilisha tarakimu hiyo katika mtihani.h, afasiri upya soma.c na chapa.c, bali asahau wastani.c. Matokeo yake ni nini? Kipande cha kwanza huweka alama 9 kwa kila mwanafunzi. Kipande cha wastani kingali kikihesabu alama 7. Kwa hiyo wastani wa mwanafunzi wa pili utaanzia kwenye alama mbili za mwisho za mwanafunzi wa kwanza! Kompyuta haitatoa onyo lolote. Na mwandishi aweza kuyachunguza maandishi yake siku nzima asione kosa, kwa sababu maandishi yenyewe ni sahihi.

Mkasa wa namna hiyo ndio uliozaa chombo kiitwacho make. Mwaka 1976, katika maabara za Bell Laboratories nchini Marekani, Steve Johnson alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo alikwisha kuisahihisha. Faili lililosahihishwa lilikuwa halijafasiriwa upya. Alipomweleza mwenzake, Stuart Feldman, alimkuta naye ametoka kupambana na tatizo kama hilo jioni iliyotangulia. Feldman akaitunga make katika mapumziko ya mwisho wa juma. Mwaka 2003 chama cha wataalamu wa kompyuta, ACM, kilimpa tuzo kwa kazi hiyo.

Make husoma faili liitwalo Makefile, ambamo mwandishi hueleza kila kitu kinategemea nini, na huundwa kwa amri gani. Kwa mfano uliotajwa, faili hilo laweza kuwa hivi:

matokeo: soma.o wastani.o chapa.o
	cc -o matokeo soma.o wastani.o chapa.o

soma.o: soma.c mtihani.h
	cc -c soma.c

wastani.o: wastani.c mtihani.h
	cc -c wastani.c

chapa.o: chapa.c mtihani.h
	cc -c chapa.c

Kushoto mwa nukta mbili pana kitu kinachotakiwa. Kulia pana vitu kinavyovitegemea. Mstari wa chini ni amri ya kukiunda, nao hauna budi kuanza kwa alama ya kitufe cha Tab, wala si kwa nafasi za kawaida. Sharti hili limewasumbua wanafunzi wengi. Feldman mwenyewe alifikiria kuliondoa, lakini wakati huo watu kama kumi na wawili walikuwa wamekwisha kuanza kuitumia make, naye hakutaka kuwaharibia kazi.

Namna make inavyoamua ni rahisi: hulinganisha saa. Kompyuta huandika wakati ambao kila faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Ikiwa wastani.o liliundwa saa 3:00 asubuhi, na mtihani.h likabadilishwa saa 4:00, basi wastani.o limepitwa na wakati, nalo huundwa upya. Likiwa bado ni jipya kuliko vyote linavyovitegemea, huachwa lilivyo. Hivyo kazi ifanywayo ni ile tu inayohitajika.

Hata hivyo, make haielewi lugha ya C, huamini iliyoelezwa. Mwandishi akisahau kutaja mtihani.h katika mstari wa wastani.o, kosa lile la awali litarudi, tena likiwa limejificha zaidi, kwani sasa mwandishi anaamini kwamba kila kitu kimeshughulikiwa. Hali kadhalika, saa ya kompyuta ikiwa mbovu, uamuzi wa make nao waweza kuwa mbovu. Kwa sababu hiyo kompaila nyingi za leo, kama ile ya GCC, zaweza kuandika zenyewe orodha ya mategemeo. Na pale shaka inapozidi, dawa ni kufuta vipande vyote vyenye jina linaloishia .o na kuunda programu upya tangu mwanzo.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa programu ya mafaili mawili tu: aondoe tegemeo moja katika Makefile, abadilishe tarakimu, kisha awaulize wanafunzi kwa nini jibu halikubadilika.