Ziwa Dogo Katika Chombo cha Kioo

Mwana wa Kalehe hulijua Ziwa Kivu tangu mgongoni mwa mama yake. Asubuhi huona wavuvi wakirudi na sambaza, mitumbwi yao mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu. Lakini ajuacho ni uso wa ziwa tu. Yatendekayo chini ya maji hayaoni. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza, na hasa ninyi wanafunzi, namna ya kutunza mimea na samaki katika chombo cha kioo.

Jambo hili lilionyeshwa vema huko London mwaka 1850. Bwana Robert Warington, mtaalamu wa kemia, alitia katika chombo kimoja samaki, mimea ya majini na konokono. Mimea ikipata nuru hutoa oksijeni, na samaki huivuta. Uchafu wa samaki huwa chakula cha mimea. Konokono hula majani yaliyooza. Kila kiumbe chamtegemea mwenzake.

Kazi hii yataka saburi kuliko fedha. Tafuteni chombo cha kioo chenye mdomo mpana, cha lita 40 au zaidi, maana maji machache huharibika upesi. Kiwekeni juu ya meza imara karibu na dirisha, lakini jua kali lisikipige. Osheni mchanga mpaka maji yake yatoke safi, mkautandaze unene wa vidole vitatu, na humo mpande majani yaotayo chini ya maji. Mimineni maji ya ziwa wala si ya mvua, kwa kuwa maji ya Kivu yana chumvichumvi nyingi, na samaki wake wameyazoea.

Jihadharini na kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini. Mtu mzima ateke maji na kuvuta mimea kwa upembo akiwa mtumbwini. Maji yachujwe kwa kitambaa na kukaa siku tatu katika bidoni. Mimea nayo ikae ndooni siku hizo hizo, na konokono wote waondolewe kwa kijiko. Konokono wa Bwana Warington sisi tuwaache.

Samaki wasitiwe siku ile ile. Kinyesi chao na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wako bakteria waigeuzao kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo mimea huila. Bakteria hao huhitaji majuma manne hadi sita wapate kuongezeka. Muda huo tieni chembe chache za chakula kila siku, ili nao wapate riziki. Halafu tieni samaki watatu tu, dume mmoja na majike wawili, katika wale wadogo wa mawe ya ufuoni. Sambaza hawafai, kwani hufa upesi wakishikwa. Wapeni samaki chakula watakachokimaliza mara moja, na kila juma badilisheni robo ya maji. Mkiwaona asubuhi wanatwetea juu ya maji, jueni oksijeni imepungua, maana usiku mimea nayo huivuta.

Atunzaye chombo hiki ataanza kulifahamu ziwa lenyewe. Kivu lina kina cha mita 485 hivi, lakini oksijeni haishuki zaidi ya mita 60 hivi. Chini yake mna gesi za kaboni na methani. Samaki wote huishi katika tabaka hilo la juu. Hata sambaza, walioletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, hawana pengine pa kukimbilia.

Tena mtoto ataona ajabu moja. Jike la samaki hao wa mawe hukusanya mayai yake kinywani, akakaa karibu bila kula kwa majuma mawili au zaidi, hata watoto wajue kuogelea. Hatari ikitokea, hurudi kinywani mwa mama yao. Basi chandarua cha mbu kinapokokotwa ufuoni, mama hunaswa pamoja na uzao wake wote. Twajua kwamba njaa haingoji, na baba mwenye watoto wengi hakokoti chandarua kwa kupenda uharibifu. Lakini samaki wa mwaka kesho ndio hao anaowaanika leo, na nyumbani watoto wamelala pasipo kinga ya malaria.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitufundisha kuitunza dunia kama nyumba yetu sote. Haya basi, walimu na wazazi: wekeni chombo hiki darasani, na kila mwanafunzi aandike zamu yake aliyoyaona. Mwisho wa mwaka warudisheni samaki ufuoni pale walipotoka, wala msitie ziwani samaki au mmea wa maji mengine.