Je, mashine itampiku mchongaji wa Changamwe?

Je, msomaji, umewahi kukishika kinyago cha ndovu kutoka Changamwe ukakigeuzageuza mkononi? Hakina upande ulio tambarare. Mgongo, tumbo, masikio na mkonga vyote vimepinda, kila kimoja kwa namna yake.

Ufundi huo husemekana Wakamba waliupata kwa Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, 1914-1918. Huko Changamwe, chama cha ushirika cha wachongaji, Akamba Handicraft, kilianzishwa mwaka wa 1963. Mchongaji hahitaji mchoro. Hukigeuza kipande cha muhugu au mwarobaini, tezo ikifuata umbo alilo nalo akilini.

Siku hizi zipo mashine za kompyuta zifanyazo vivyo hivyo. Ile ya kawaida husogeza kisu kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, lakini hukata upande mmoja tu. Ikiongezewa kifaa cha kuzungusha, gogo hushikwa ncha zote mbili, likageuzwa kama mshikaki juu ya makaa.

Kazi kubwa ni ya mchoraji. Kwenye kompyuta huchora kwanza mistari iliyopinda, kisha hutandaza "ngozi" juu yake kama turubai juu ya fito. Ngozi hiyo ikizunguka nyuzi 360, kingo zake sharti zikutane bila kigongo. La sivyo mti utabaki na kovu kutoka kichwani hadi mkiani.

Tena lazima ajiulize: kisu kitafika? Ndovu amelazwa kichwa huku, mkia kule, na kisu huingia kutoka ubavuni. Nyuma ya sikio hakifiki, hata gogo lizunguke mara ngapi. Hapo yatakikana mashine inayoweza pia kuinama, ambayo ni ghali zaidi, au mkono wa fundi na patasi yake.

Ni kweli kwamba mashine inaweza kumnyang'anya mchongaji kazi ya kutoa ndovu mia wanaofanana. Lakini jicho linalojua mahali kisu kisipofika haliuzwi pamoja na mashine.

Basi mwanafunzi, kabla ya kukimbilia kompyuta, chukua kipande cha sabuni ya kufulia na kisu kidogo, uchonge samaki. Ukishajua kumzungusha mkononi, kumchora hakutakutisha. Ujuzi, walisema wahenga, hauzeeki.