Muda kama Kikwazo cha Ushiriki wa Wanawake katika Utalii wa Ikolojia: Mfano wa Bwindi, Uganda

Mijadala kuhusu ushiriki wa wanawake katika utalii wa ikolojia huanza, mara nyingi, na elimu na mtaji. Vikwazo hivyo ni vya kweli. Hata hivyo, hali ya vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, inadhihirisha kikwazo kingine kisichotajwa sana, nacho ni muda.

Bwindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1993 watalii wakaanza kupelekwa kuwaona gorila wa milimani. Wageni hupewa maelekezo mnamo saa mbili asubuhi. Mpagazi anayetaka kuwabebea mizigo hana budi kuwapo kabla ya hapo. Akishaingia msituni, hajui atatoka lini, kwa kuwa gorila huhama kila siku na huenda wakatafutwa kwa saa nyingi. Kazi hiyo haidai cheti wala dhamana ya benki, na ujira wake hulipwa siku ileile. Kwa vigezo vya elimu na mtaji, basi, ingepaswa kuwa mlango mpana kwa mwanamke wa kijijini. Lakini saa hizohizo ndizo za kuteka maji, kupika, kuwaandaa watoto waende shule na kulima kabla jua halijawa kali. Mwenye mtoto anyonyaye hawezi kuahidi siku ambayo mwisho wake haujulikani.

Ndiyo maana wengi hubaki katika ususi wa vikapu, kazi inayoweza kuwekwa chini na kurudiwa baadaye. Ususi huo husifiwa kuwa ushahidi wa ushirikishwaji, na sifa hiyo ina haraka: kikapu hununuliwa mwishoni mwa safari, iwapo mgeni amesaliwa na fedha na nafasi mkobani. Kwa wanawake wa Kibatwa, ambao jamii yao iliondolewa msituni na wengi wao hawana ardhi, hali ni nzito zaidi.

Sheria ya Uganda huzielekezea serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi asilimia 20 ya viingilio. Sehemu ya fedha hizo inaweza kugharimia mabomba ya maji karibu na makazi, au chumba cha kulelea watoto karibu na lango. Zamu za wapagazi nazo zingeweza kutangazwa siku moja kabla, ili anayekwenda apate jioni ya kumtafuta jirani wa kubaki na watoto.