BATA WA KIENYEJI: TUITUNZE MBEGU YETU



Huenda ulifika kambini na bata wawili tu kikapuni, na leo jirani zako wote wanafuga uzao wao. Hilo ni jema, lakini lina hatari yake. Bata wa damu moja wakizaliana mfululizo, mayai mengi hayaanguliwi, vifaranga huwa dhaifu, na ugonjwa unaomuua mmoja unaweza kuwaua wote.

Kwa nini bata wa kienyeji?

Bata mwenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini amezoea maisha ya vijiji vyetu kwa vizazi vingi. Hujitafutia chakula, huatamia mayai kwa siku 35 na hulea vifaranga mwenyewe. Bata wa kisasa aitwaye Khaki Campbell, kutoka Uingereza, hutaga mayai mengi sana lakini ni nadra kuatamia. Ukiacha mbegu ya kienyeji ipotee, utategemea kununua vifaranga.

Ukimchanganya bata huyu wa uso mwekundu na bata wa aina nyingine, watoto hunenepa vizuri lakini huwa tasa. Hao ni wa kitoweo, si wa mbegu.

Ufanye nini?

1. Dume mmoja awe na majike wasiozidi 5.
2. Usimpandishe dume kwa mabinti au dada zake. Kabla mabinti hawajaanza kutaga, badilishana dume na mfugaji wa mtaa wa mbali.
3. Bata mgeni mtenge wiki 2 kabla ya kumchanganya na wengine.
4. Usiuze wala kuchinja jike anayeatamia vizuri. Huyo ndiye mbegu.
5. Weka madume wa koo mbalimbali, hata wa rangi tofauti.
6. Bata wakifa ghafla, usiwale wala kuwauza. Mwarifu mtaalamu wa mifugo mara moja.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 2007, huko Interlaken, Uswisi, nchi 109 zilikubaliana kuhifadhi mbegu za mifugo duniani. Lakini mbegu hutunzwa kwanza bandani mwa mfugaji.

Kumbuka: siku utakaporudi nyumbani, bata wenye afya watakuwa mtaji wako wa kuanzia.