Punguza ugali, lakini usilale njaa

Je, umewahi kunywa chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu na kula mandazi mawili manono saa moja ya asubuhi, kisha ikifika saa nne tumbo likaanza kulalamika kana kwamba halijaona chakula tangu jana? Kama jibu lako ni ndiyo, msomaji mpendwa, basi hauko peke yako. Ndugu yangu mkubwa yuko katika kundi hilo, na kisa chake ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Ndugu yangu anaishi Nairobi, lakini kwetu ni Makueni. Mwaka jana alipimwa damu akaambiwa sukari yake imepanda, ingawa haijafika kiwango cha kuitwa ugonjwa. Daktari alimshauri apunguze vyakula vya wanga. Yeye, kama wanaume wengi wanaoogopeshwa, hakupunguza bali aliacha kabisa. Ugali ukapigwa marufuku, chapati zikafukuzwa nyumbani, mchele ukarudishwa dukani. Chakula chake kikawa sukuma wiki, chai isiyo na sukari na yai moja. Alivumilia siku tisa. Usiku wa kumi shemeji yangu aliamka saa nane akakuta taa ya jikoni inawaka, naye bwana mzima ameketi kwenye kigoda, mkate mzima umekwisha na chupa ya jamu iko mkononi.

Alipoenda nyumbani mwisho wa mwezi, mama alimtazama mashavu akauliza kulikoni.

"Mama, nimekatazwa ugali."

"Umekatazwa ugali, mwanangu. Na ndengu je, nazo umekatazwa?"

Ndugu yangu hakuwa na jibu. Kusema kweli hata mimi singekuwa nalo, ndiyo sababu nilianza kuulizauliza na kusoma.

Siku hizi mjini kuna mtindo unaoitwa lishe ya mababu. Haukuzaliwa hapa. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Boyd Eaton na Melvin Konner, waliandika katika jarida la udaktari kwamba mwili wa binadamu ulizoea chakula cha wawindaji wa kale, na mwaka 2002 mwenzao Loren Cordain akatoa kitabu kilichoisambaza habari hiyo. Wanaofuata mtindo huo hula nyama, samaki, mayai, mboga na matunda, nao hukataa nafaka pamoja na jamii yote ya maharagwe. Hapo ndipo Mkamba anapobaki mdomo wazi. Mababu gani hao wasiojua kunde?

Mababu wa Kitui na Makueni walilima mtama na mawele, wakavuna mbaazi, kunde na njahi, wakafuga ng'ombe na mbuzi, wakakama maziwa na kurina asali. Nyama haikuwa ya kila siku. Hata mahindi tunayoyaita chakula cha wazee ni mgeni, kwani yalitokea bara la Amerika na hayakuchukua nafasi ya mawele Ukambani hadi wakati wa ukoloni. Kwa hiyo mlo wa mababu zetu haukuwa mlo usio na wanga. Ulikuwa mlo ambao wanga haukai peke yake sahanini, na tofauti hiyo ndiyo aliyoikosa ndugu yangu katika zile siku zake tisa.

Watu wa sehemu hizi wanaijua njaa kwa undani kiasi kwamba wameipa majina mawili. Njaa ya tumbo la mtu ni nzaa. Njaa ya nchi nzima ni yua, nayo kila yua hupewa jina lake, kama Ngomanisye ya mwisho wa karne ya 19, au Nikw'a Ngwete ya miaka ya 1980, maana yake "nakufa nikiwa nimeshika", yaani fedha ziko mkononi lakini chakula cha kununua hakipo. Mtu aliyelelewa na wazee walioyaona hayo hafundishwi kirahisi kwamba kulala njaa ni afya. Nami sidhani afundishwe.

Sasa tuangalie kushiba kwenyewe. Tumbo likijaa hutanuka, na mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Chakula kikifika kwenye utumbo mdogo, hasa protini na mafuta, utumbo hutoa homoni zinazouambia ubongo kuwa yatosha. Habari hizo hazifiki papo hapo. Huchukua dakika kama 20, ndiyo maana anayekula mbiombio hupitisha kiasi kabla ya kujua. Kuna pia homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999, ambayo hupanda tumbo likiwa tupu na kukuita mezani. Ukinyimwa usingizi hupanda zaidi. Wanafunzi wanaokesha na vitabu kisha wakaamkia mkate na soda wanajua ninachosema.

Jambo lililonivutia zaidi linahusu nzige. Usicheke, wewe uliyewaona walipovamia Kitui mwaka 2020. Wataalamu wawili, Stephen Simpson na David Raubenheimer, walichunguza nzige kwa miaka mingi wakaona kwamba mdudu huyo huendelea kula mpaka apate kiasi chake cha protini. Akipewa chakula chenye wanga mwingi na protini kidogo, hula kupita kiasi akiitafuta ile protini. Mwaka 2005 walitoa hoja kwamba binadamu naye ana tabia inayofanana na hiyo. Basi rudi kwenye yale mandazi mawili ya asubuhi, uulize protini ilikuwa wapi.

Katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, mwaka 1995, Susanna Holt na wenzake waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye nguvu sawa mwilini, kisha wakawauliza kwa muda wa saa mbili wanajisikiaje. Mkate mweupe ulipewa alama 100. Mayai yalipata 150, nyama ya ng'ombe 176, samaki 225. Keki ile ya siagi ya Kifaransa, croissant, ilipata 47. Kilichoongoza kwa mbali ni viazi vya kuchemsha, alama 323! Viazi ni wanga, lakini vina maji mengi, hivyo sahani hujaa kabla nguvu hazijazidi. Anayekuambia wanga wote ni adui na anyamaze kidogo.

Turudi Ukambani, kwenye chungu cha muthokoi. Mahindi makavu hulowanishwa kidogo, hutwangwa kwenye kinu hadi ganda litoke, hupepetwa, kisha huchemshwa pamoja na mbaazi, kunde au maharagwe. Hapa nitawaudhi jamaa zangu wa Kitui: ganda likienda, sehemu kubwa ya nyuzinyuzi za mahindi huenda nalo, na katika jambo hilo isyo, yaani githeri, inaishinda muthokoi. Kinachoiokoa muthokoi ni kwamba punje hubaki punje. Hutafunwa, haimezwi kama uji, na mwili huisaga polepole kuliko unga. Tena ina mwenzake chunguni. Gramu 100 za ndengu kavu zina protini takriban gramu 24 na nyuzinyuzi kama 16. Mbaazi na kunde haziko mbali. Mchele mweupe una protini kama gramu 7 tu.

Ndengu zina wanga pia, tusidanganyane. Lakini wanga wake huingia kwenye damu taratibu. David Jenkins wa Toronto, Kanada, alionyesha mwaka 1982 kwamba aliyekula dengu katika mlo mmoja, sukari yake haipandi sana hata katika mlo unaofuata. Si bure basi kwamba baada ya uchaguzi wa 2017 gavana Charity Ngilu aliwahimiza wakulima wa Kitui wapande ndengu kwa wingi. Shabaha yake ilikuwa mapato, lakini debe la ndengu halikatazi mtu kulipeleka jikoni kwake.

Mama alichomfanyia ndugu yangu ni kupindua bakuli. Badala ya mahindi mengi na mbaazi za kuhesabu, aliweka vikombe viwili vya mbaazi kwa kikombe kimoja cha muthokoi, na kando majani ya kunde yaliyojaa nusu ya sahani. Alimwambia aanze na mboga na mbaazi. Asubuhi alimpa mabaki ya usiku yaliyopashwa moto na kikombe cha maziwa lala, akaficha mkate. Nawe unaweza kufanya hivyo hata ukiwa Umoja au Kayole. Kama ni lazima kuwe na ugali, kata kipande kisichozidi ngumi yako, upike kwa unga usiokobolewa au wa mtama, na kitoweo kiwe kingi kuliko ugali. Maembe ya Makueni ni matamu, kwa hiyo kula moja, si beseni. Nayo juisi ya boksi iache dukani.

Tumbo lisilozoea litanguruma na kujaa gesi. Loweka mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji hayo, na uongeze kiasi wiki baada ya wiki.

Kuna watu wasiofaa kujaribu haya bila daktari. Anayejidunga insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari akipunguza wanga ghafla anaweza kushukiwa na sukari mno: mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anaweza hata kuzimia. Dawa ndiyo hurekebishwa kwanza. Mgonjwa wa figo naye aulize kiasi chake cha protini. Mama mjamzito na watoto wanaokua wasinyimwe wanga kwa sababu ya mtindo wa baba.

Ndugu yangu alipimwa tena baada ya miezi minne na sukari ilikuwa imeshuka, ingawa daktari anataka kumwona tena. Jumapili bado anakula ugali. Na kila baada ya wiki chache hushuka mjini kupokea mfuko unaoletwa na gari la Wote, umefungwa kwa kamba ya katani, ndani yake mbaazi, ndengu na majani ya kunde yaliyokaushwa. Shemeji anasema taa ya jikoni haijawaka tena saa nane za usiku.