Mwanamke Aliyechunguza Ngege

Wavuvi wengi wa Mwanza wamewahi kumvua sato jike mwenye mayai mdomoni. Hayali. Anayatunza. Ngege, ndugu yake sato aliyekuwa mwingi zamani, hufanya vivyo hivyo.

Bibi Rosemary Lowe alizaliwa Uingereza mwaka 1921. Alianza kuchunguza samaki wa jamii hii Ziwa Nyasa mwaka 1945. Mwaka 1948 alihamia Jinja, Uganda, kwenye kituo cha utafiti kando ya ziwa letu hili la Viktoria. Wanawake wa kazi hiyo walikuwa wachache sana.

Alipima samaki. Aliwapasua aone wamekula nini. Aliandika wanazaa lini na wapi. Dume huchimba shimo chini ya maji. Jike hutaga humo, kisha huchukua mayai mdomoni mpaka watoto waweze kuogelea. Hatari ikija, watoto hurudi mdomoni mwa mama. Basi anayemvua jike huyo amevua na wanawe.

Mwaka 1953 Bibi Rosemary aliolewa na Bwana Richard McConnell, mtaalamu wa miamba. Sheria ya kikoloni ilimtaka mtumishi mwanamke akiolewa aache kazi. Mwanamume akioa, hakuguswa!

Aliacha mshahara, lakini samaki hakuwaacha. Alikwenda na mumewe Guyana, akachunguza samaki wa mito ya huko. Baadaye alifanya utafiti bila malipo katika jumba la makumbusho, London. Aliandika vitabu juu ya samaki wa nchi za joto. Mwaka 1997 wanasayansi wa Uingereza walimpa Medali ya Linnean. Alifariki mwaka 2014, akiwa na miaka 93.